Kihusishi Kikae Mwanzoni au Mwishoni? Maswali ya Kiingereza kutoka Mwanza na Visiwani

Barua nne zilizotufikia kutoka Mwanza, Ukerewe na Sengerema zinagusa jambo moja, kwa hiyo ninazijibu pamoja. Katika Kiingereza, kishazi rejeshi ni kile kinachoanza kwa "who", "which" au "that" na kueleza zaidi habari za nomino iliyotangulia. Wasomaji wanauliza: kitenzi cha kishazi hicho kikihitaji kihusishi kama "in", "to", "for" au "with", kihusishi hicho kikae wapi? Nimezifupisha barua bila kugusa maana, na majina ya waandishi nimeyaacha.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninafanya kazi katika ofisi ya mauzo ya kiwanda cha minofu ya sangara huku Ilemela, na kila siku ninawaandikia wanunuzi wa Ulaya kwa Kiingereza. Hivi karibuni niliandika: "The container which we loaded the fillets in left Mwanza on Friday." Mkuu wangu aliikata sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu, akaandika "in which", kisha akaniambia mbele ya wenzangu kwamba Kiingereza hakimalizi sentensi kwa kihusishi. Lakini wateja wetu Waingereza wakipiga simu huwa ninawasikia wakisema "the man I spoke to". Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Sahihisho la mkuu wako ni zuri, lakini kanuni aliyokutajia haipo. Kiingereza kinaruhusu kihusishi kibaki mwishoni mwa kishazi, na kimeruhusu hivyo tangu Kiingereza cha kale, kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066. Shakespeare aliandika hivyo, na wazungumzaji wa lugha hiyo wanasema hivyo kila siku bila kudhani kwamba wamekosea.

Marufuku hiyo ina historia inayojulikana, na inafaa uifahamu ili siku nyingine ukikatiwa sentensi ujue la kujibu. Mwaka 1672 mshairi John Dryden, alipokuwa akiwakosoa waandishi wa kizazi kilichomtangulia, alimlaumu Ben Jonson kwa kuacha kihusishi mwishoni mwa sentensi. Dryden aliishika imani hiyo kwa dhati, kwani insha yake kuhusu tamthilia iliyotoka mwaka 1668 aliichapisha upya mwaka 1684, na katika toleo hilo la pili akavihamisha vihusishi vyake mwenyewe vilivyokuwa vimeachwa nyuma. Wasomi wa zama zile walikuwa wamelelewa katika Kilatini, lugha ambayo kihusishi chake hakiachani na neno kinalolitawala, na kwao kilichofanana na Kilatini ndicho kilichohesabiwa kuwa safi. Mwaka 1762 Robert Lowth, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa London, alitoa kitabu kidogo cha sarufi kilichoenea sana. Watu wengi humtaja Lowth kuwa ndiye aliyepiga marufuku, lakini ukimsoma kwa utulivu utaona kwamba hakufanya hivyo. Alisema kwamba kuacha kihusishi mwishoni ni jambo ambalo Kiingereza kina mwelekeo mkubwa nalo, kwamba limeenea katika mazungumzo ya kawaida na linafaa katika maandishi ya kirafiki, ila kukiweka kihusishi mbele ya kirejeshi kunapendeza zaidi, kunaeleweka zaidi, na kunalingana na mtindo mzito. Kishazi chenyewe alichosemea hayo, katika chapa ya kwanza, alikimaliza kwa "to".

Kwa hiyo Lowth alikuwa akizungumzia ngazi za urasmi, na ni waliomfuata walioufanya ushauri wake kuwa amri. Mwaka 1926 H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza, aliihesabu imani hiyo kuwa ushirikina, na vitabu vya sarufi vinavyoheshimika leo havina marufuku hiyo. Inanisikitisha kuona kwamba karibu miaka mia moja baadaye bado kuna watu wanaoaibishwa mbele ya wenzao kwa sababu yake.

Sasa tuzitazame ngazi zenyewe. Chukua mtu uliyezungumza naye bandarini. Ukisema "the man I spoke to at the port", umesema kama asemavyo kila mtu, na sentensi hiyo inafaa katika simu, katika ujumbe mfupi na hata katika barua pepe nyingi za kazini. Ukisema "the man who I spoke to", umekitaja kirejeshi, lakini uko palepale kwenye lugha ya mazungumzo. Ukiandika "the man whom I spoke to", umepanda ngazi moja kwa sababu ya "whom", neno ambalo katika mazungumzo limekwishapungua sana. Ukiandika "the man to whom I spoke", umefika kwenye Kiingereza cha mkataba, cha hukumu ya mahakama, cha tasnifu na cha barua ya kwenda kwa balozi. Sentensi zote nne ni sahihi kisarufi, na zinatofautiana kwa jinsi zinavyomweka msomaji karibu au mbali. Isiyokubalika ni "the man to who I spoke", kwa sababu kihusishi kikishatangulizwa mbele ya kirejeshi cha mtu, "whom" huwa lazima.

Nirudi kwenye sentensi yako, kwa kuwa ina kasoro ambayo mkuu wako aliihisi bila kuitaja. Isome tena kwa sauti: "The container which we loaded the fillets in left Mwanza on Friday." Kihusishi "in" hakipo mwishoni mwa sentensi, kipo katikati, na mara baada yake linakuja "left", neno ambalo msomaji mwenye haraka anaweza kudhani linashikamana nacho. Jicho linafika pale, linakwama, linarudi nyuma kutafuta kitenzi kikuu. Ukiandika "The container in which we loaded the fillets left Mwanza on Friday", kila kitu kinakaa mahali pake. Hapa kutanguliza kihusishi kumeleta uwazi, na urasmi umekuja kama nyongeza. Ungeandika "This is the container we loaded the fillets in", kihusishi kikawa mwisho kabisa wa sentensi, nisingekuwa na sababu yoyote ya kukusahihisha.

Tatizo hili huzidi sentensi inapobeba vishazi viwili. Katika barua za usafirishaji ni rahisi sana kujikuta umeandika kitu kama hiki: "He is the officer who we sent the certificate that your bank asked for to." Hakuna aliyevunja sarufi hapo, lakini "for" na "to" zimerundikana mwishoni, na msomaji wa Rotterdam atalazimika kukisia ipi ni ya kitenzi kipi. Tanguliza kimoja tu: "He is the officer to whom we sent the certificate that your bank asked for." Angalia kwamba cha pili nimekiacha palepale mwishoni. Sikuona haja ya kuandika "for which your bank asked", kwa kuwa kufanya hivyo kungeifanya sentensi iwe nzito bila faida.

Kuna njia ya tatu ambayo watu wa ofisini huisahau, nayo ni kutafuta kitenzi kisichohitaji kihusishi chochote. Badala ya kujiuliza kama uandike "the documents you asked for" au "the documents for which you asked", andika "the documents you requested", na swali linakwisha. Lakini hapa pana mtego ambao ninauona mara kwa mara katika barua za ofisi za kwetu Afrika Mashariki. Watu wamezoea kusema "discuss about", "request for" na "emphasize on", na wanapotaka kuandika kwa urasmi hukitanguliza kihusishi ambacho hakikustahili kuwapo: "the matter about which we discussed", "the samples for which you requested". Vitenzi hivyo vitatu humchukua mtendwa wake moja kwa moja. Andika "the matter we discussed" na "the samples you requested". Kihusishi cha ziada kikipandishwa mbele, kosa linapanda nacho na kuonekana zaidi.

Mwisho, ziangalie sentensi jirani. Barua iliyoanza kwa "Hi" na kuendelea kwa "don't" na "we'll" haiwezi katikati kuvaa "the vessel upon which the goods were loaded" bila kuonekana ya watu wawili. Na barua rasmi inayohusu madai ya shehena iliyoharibika haifai kuwa na "the stuff we talked about". Chagua ngazi kwa kumtazama anayeandikiwa, kisha ubaki kwenye ngazi hiyo hadi sahihi yako.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Sita, kwetu ni Nansio. Katika jaribio tuliambiwa tuunganishe sentensi mbili: "The ferry was late" na "We travelled to Mwanza in it". Mimi niliandika "The ferry in that we travelled to Mwanza was late", nikakosa. Rafiki yangu aliandika "The ferry that we travelled to Mwanza in was late", akapata. Niliambiwa kwamba "that" na "which" ni sawa. Kama ni sawa, kwa nini yangu ni kosa?

JIBU: "That" na "which" zinabadilishana katika sentensi nyingi, ila mbele ya "that" hakuwezi kuwekwa kihusishi hata kidogo, na hilo halitegemei urasmi. "In that", "to that" na "for that" haziwezi kufungua kishazi rejeshi katika Kiingereza cha mtaani wala cha mahakamani. Kiingereza cha kale kilikuwa na kirejeshi kimoja kisichobadilika umbo, nacho pia hakikukubali kutanguliwa na kihusishi. "That" imerithi tabia hiyo. Kwa hiyo ukichagua "that", umekwisha kuchagua pia kwamba kihusishi kitabaki nyuma.

Ni hivyo hivyo pale kirejeshi kinapoachwa kabisa. "The ferry we travelled in" ni sawa, lakini "the ferry in we travelled" haiwezekani, kwa kuwa kihusishi kinachotangulia kinahitaji neno la kukifuata. Ndiyo maana mtindo rasmi unategemea maneno mawili makuu: "which" kwa vitu na "whom" kwa watu, pamoja na "whose" inapotajwa milki, kama katika "the fisherman in whose boat we crossed".

Jibu bora la jaribio lako, kwa maoni yangu, lilikuwa "The ferry in which we travelled to Mwanza was late". Jibu la rafiki yako linakubalika na alistahili alama yake, ingawa lina ile kasoro niliyomweleza msomaji wa Ilemela, yaani "in was" kukutana katikati.

Kwa kuwa unajiandaa na mtihani, shika na mambo mengine machache. Viko virai ambavyo karibu kila mara hutangulizwa, hata katika maandishi yasiyo rasmi sana: "the extent to which", "the way in which", "the season during which". Jaribu kusema "the season which the lake is rough during" na utasikia mwenyewe kwamba haisimami. Vilevile unapotaja sehemu ya kundi, kihusishi hutangulia pamoja na neno la idadi: "We bought twenty tilapia, most of which were small", "He has four brothers, two of whom work at the port". Pia unapotumia kitenzi chenye "to" bila mtendaji, una njia mbili tu: "a net to catch dagaa with", ambayo ni ya kawaida, au "a net with which to catch dagaa", ambayo ni rasmi. "A net which to catch dagaa with" haipo.

Upande wa pili, viko vitenzi ambavyo vimeungana na vihusishi vyao kiasi kwamba havitenganishwi. "The nurse who looked after my mother" haina tatizo, lakini usijaribu kumfanya mama awe ndiye kichwa cha sentensi kisha ukaandika "my mother, after whom the nurse looked", maana msomaji ataelewa kwamba muuguzi alikuwa akimtazama mama akiondoka, au hataelewa kabisa. Hali ni hiyo hiyo kwa "put up with", "get rid of" na "look forward to". Ukihitaji urasmi, badili kitenzi: "tolerate" mahali pa "put up with", "remove" au "discard" mahali pa "get rid of". Kuviburuta vihusishi viwili hadi mbele hakuleti heshima yoyote.

SWALI: Mwalimu mwenzangu, ninafundisha Kiingereza katika shule ya sekondari Sengerema. Wanafunzi wangu hawasumbuliwi na suala la mwanzoni au mwishoni. Wao hukiacha kihusishi kabisa. Wanaandika "the house which I live", "the pen which I write", au wanaongeza neno, "the friend whom I talked with him". Nimesahihisha hadi nimechoka. Je, kosa linatoka wapi, na nianzie wapi kulitoa?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, kati ya barua zote hii ndiyo iliyonigusa zaidi, kwa sababu umelitazama jambo lenyewe. Wako walimu ambao hutumia kipindi kizima kuwakataza wanafunzi kumaliza sentensi kwa "in", wakati nusu ya darasa haijaanza hata kukiandika hicho "in". Mwanafunzi anayeandika "the house which I live in" amekwishafika. Aliyeandika "the house which I live" ndiye anayehitaji msaada, na ukimwambia yule wa kwanza kwamba amekosea, wa pili ataamini kwamba yeye ndiye aliyefanya vyema kwa kukiacha.

Kosa linatoka katika Kiswahili chao, na linatoka huko kwa utaratibu unaoweza kuufuata. Mwanafunzi wako anaposema "kalamu ninayoandikia", uhusiano wa chombo na kazi umo ndani ya kitenzi chenyewe, katika kauli ya kutendea. Anaposema "mashua tuliyosafiria" au "kisu alichokatia samaki", ni vivyo hivyo. Hakuna neno lolote linalojitegemea ambalo angeweza kulitafutia mwenzake wa Kiingereza. Anageuza kitenzi, anageuza kirejeshi, na anaona kazi imekwisha: "the pen which I write". Kwake sentensi hiyo imekamilika, kwa kuwa katika lugha yake haikuhitaji kingine.

Mahali nako kuna njia zake. "Nyumba ninamoishi" inabeba umahali katika kile kirejeshi "mo", na "kisiwa nilikozaliwa" inaubeba katika "ko". Tena katika mazungumzo ya kila siku wengi wetu tunasema tu "nyumba ninayoishi", bila kuonyesha umahali popote, na tunaelewana. Basi "the house which I live" ni tafsiri ya moja kwa moja ya usemi ambao mwanafunzi anausikia nyumbani, gengeni na kwenye daladala.

Kosa la pili, la kuongeza neno, lina chanzo tofauti, na usiyachanganye mawili hayo unaposahihisha. "Rafiki niliyezungumza naye" ina "naye", ambamo "na" imeshikana na kiwakilishi cha mtu yule. "Sanduku nililoweka nguo ndani yake" ina "yake". Kiswahili kinataka kiwakilishi kile kirudi, na sentensi ikikikosa inapwaya. Kiingereza sanifu hakikitaki, kwa sababu "whom" au "which" imekwisha kuishika nafasi hiyo. Kwa hiyo "the friend whom I talked with him" na "the box which I put the clothes in it" zimeandikwa na mtu anayejua kwamba kihusishi kinahitajika. Huyo yuko mbele zaidi ya mwenzake wa "the house which I live", na sahihisho lake ni dogo: afute neno moja la mwisho.

Pa kuanzia, kwa maoni yangu, ni kuivunja sentensi. Usiwape kishazi rejeshi kwanza. Wape sentensi mbili kamili ambazo kila mmoja ana hakika nazo. Kwa mfano, ubaoni andika "This is the house" na chini yake "I live in it". Mwambie mwanafunzi apige mstari chini ya "in it". Kisha aifute "it" peke yake na kuweka "which" mahali pa kuunganishia: "This is the house which I live in". "In" imebaki pale pale ilipokuwa, haikuguswa. Waache wafanye hivi kwa sentensi nyingi za mambo wanayoyajua, za samaki, za pamba, za magari yanayopita daraja la Kigongo na Busisi, hadi mkono uzoee kwamba kinachofutwa ni kiwakilishi na kinachobaki ni kihusishi. "This is the bridge. The lorries pass over it." "This is the bridge which the lorries pass over."

Wakishatulia hapo, ndipo uwaonyeshe kwamba "over" inaweza kuondoka ilipo na kutangulia mbele ya "which", na kwamba ikihama haiachi nakala nyuma: "the bridge over which the lorries pass". Kwa wakati huu litaibuka kosa la tatu, nalo ni "the bridge over which the lorries pass over". Usishtuke likitokea. Mwanafunzi amejifunza njia mbili na amezitumia zote kwa pamoja. Mfundishe kuhesabu: sentensi ya pili ilikuwa na kihusishi kimoja, basi kishazi kilichotokana nayo nacho kiwe na kimoja, si sifuri wala viwili. Kipimo hicho kinayakamata makosa ya kukosa na ya kurudia kwa pamoja, na mwanafunzi anaweza kukitumia peke yake ndani ya chumba cha mtihani.

"Where" uiweke baadaye, kwa kuwa inafurahisha na inadanganya. Wanafunzi huipenda kwa sababu inafanana na "ninapoishi" na "ninakoishi". "The house where I live" ni sahihi na ni ya ngazi ya kati, inayofaa karibu kila mahali. Lakini "where" imekwishabeba maana ya "in which", kwa hiyo "the house where I live in" imerudia. Hapo wataalamu wa darasa watakuuliza mbona watu husema "the village where I come from". Wana haki ya kuuliza. "From" inaonyesha kutoka mahali, maana ambayo "where" peke yake haiibebi, na ndiyo sababu inaruhusiwa kubaki. "The village from which I come" ni sahihi pia, ila katika insha ya Kidato cha Pili itasikika kama hotuba.

Kuhusu urasmi, ushauri wangu ni kwamba uuache hadi kihusishi kiwe kinaonekana katika kila daftari. Baada ya hapo mpe mwanafunzi sentensi moja na wasomaji wawili: amwandikie dada yake aliyeko Bukoba kuhusu mtu aliyekutana naye melini, kisha amwandikie mkuu wa wilaya kuhusu mtu huyo huyo. Kwa dada itakuwa "the man I was sitting next to". Kwa mkuu wa wilaya itakuwa "the passenger next to whom I was seated". Ataona kwamba pamoja na kihusishi kilichohama yamebadilika pia "man" na "sitting". Urasmi unakuja kwa maneno yote kwa pamoja, na mwanafunzi anayeuona hivyo hatabandika "to whom" katikati ya sentensi ya utani.

SWALI: Habari za kazi, Mwalimu. Ninawaongoza watalii kwa boti kwenda kisiwa cha Saanane. Mwenzangu ananiambia nikitaka kuonekana nimesoma niwaambie "the island to which we are going". Je, nimfuate?

JIBU: Usimfuate. Uko kwenye boti, injini inanguruma, na wageni wako wamekuja kupumzika. Waambie "the island we're going to". Ukisema "to which we are going" watakuelewa, lakini watahisi kwamba unawasomea tangazo, na wenyeji wa lugha hiyo ndio watakaohisi hivyo zaidi. Mkifika, waonyeshe "the rocks the hyraxes are lying on", na wakikodoa macho kwenye kichaka uliza "What are you looking at?" Kwa swali hilo hakuna namna nyingine ambayo mtu wa kawaida angeitumia, maana "At what are you looking?" itawafanya wageuke wakutazame wewe badala ya ndege.

Ule mtindo wa "to which" uutunze kwa ajili ya karatasi. Ukiombwa kuandika masharti ya safari yatakayotiwa saini na mteja, hapo "the date on which payment is due" na "the vessel in which passengers will be carried" zitakuwa mahali pake, kwa sababu karatasi hiyo huenda siku moja ikasomwa na wakili.